Kuta za chokaa zikarabatiwe kwa chokaa

Nyumba kongwe za Zanzibar, Lamu na Kilwa zimejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na vyote viwili vina vitundu vidogo vinavyopitisha unyevu. Maji yanayopanda kutoka ardhini na mvua inayopiga kwa nje huingia ukutani, kisha jua likiwaka hutoka tena kupitia lipu ya chokaa. Ndivyo kuta hizo zilivyodumu kando ya bahari. Leo fundi akiitwa kuziba ufa, mara nyingi huja na mfuko wa saruji. Kwa maoni yangu huko si kukarabati, ni kuuharakishia ukuta kuanguka, na wanaotoa vibali vya ujenzi katika miji hii wanapaswa kukataza.

Saruji ni ngumu kuliko jiwe la tumbawe, na haipitishi unyevu kwa urahisi. Ukuta wa zamani ukipigwa lipu ya saruji, maji yaliyozoea kutoka hubaki ndani na kupanda juu zaidi yakitafuta njia. Chumvi iliyomo huganda nyuma ya lipu mpya, chembe zake zikaisukuma, hata lipu ikabanduka kwa mapande ikiondoka na uso wa jiwe lenyewe. Lililo baya zaidi mpita njia halioni. Sakafu za nyumba hizi hubebwa na boriti za mikoko, na ncha zake zimezama ukutani. Ukuta ukishinda mbichi, ncha ndizo zinazooza kwanza, huku katikati boriti inaonekana nzima kabisa. Mwenye nyumba hushtuka sakafu ikishaanza kuzama.

Wenye elimu kubwa nao wamewahi kukosea hivi. Kule Athens, mhandisi Nikolaos Balanos alikarabati hekalu la Parthenon mwanzoni mwa karne ya 20 akiunganisha mawe kwa vyuma. Wagiriki wa kale nao walitumia chuma, lakini walikifunika kwa risasi kisipate kutu. Vya Balanos havikufunikwa. Vikashika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru iliyokuwa imeishi zaidi ya miaka 2,000. Kamati iliyoundwa mwaka 1975 imelazimika kusimamia kazi ya kuving'oa na kuweka vya titani. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo ya kale nao haukatai mbinu za kisasa. Unaziruhusu pale ambapo za jadi zimeshindwa, na mpya zimethibitika kwa sayansi na uzoefu. Saruji juu ya tumbawe haitimizi hata moja kati ya masharti hayo.

Wapo watakaosema wazee wetu hawakuogopa vitu vipya: jumba la Beit al-Ajaib la Sultan Barghash, kule Zanzibar, lilijengwa 1883 likiwa na nguzo za chuma. Ni kweli, lakini nguzo zile zilipangwa pamoja na jengo tangu mwanzo. Hoja nzito zaidi ni ya gharama. Watu wanaishi katika nyumba hizi, saruji inauzwa kila duka, ilhali chokaa hutaka kuzimwa, kusubiriwa na kupigwa tabaka kwa tabaka, na kuichoma kunakula kuni. Siwezi kumlaumu mpangaji anayevujiwa. Ila hesabu hiyo inaishia kwenye malipo ya kwanza, wala haihesabu boriti zitakazobadilishwa baadaye. Tofauti ya bei isibebwe na yeye peke yake, maana utalii wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliomo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, unanufaisha wengi. Kuni nazo zitoke kwenye miti ya kupandwa, mikoko iachwe. Na pale ambapo msingi umekatika, mhandisi akionyesha kwa michoro kwamba zege haliepukiki, litumike hapo tu.

Kazi ianzie kwenye majengo ya umma, ambako serikali ndiyo inayoandika mikataba. Mkataba utaje chokaa, utaje muda wa kuiacha ikomae, na fundi anayeijua kazi hiyo alipwe kwa muda huo wote, pamoja na vijana watakaojifunza kwake.