Umechora Juzi, Leo Unaingia Ziwani?

Najua mlisubiri mishono ya vitenge niliyowaahidi. Itakuja. Leo kuna jambo limenikaa kooni na nisipolitoa nitaendelea kushona nikiwa nimenuna, na wateja wameshaanza kuniuliza nina nini.

Kuna binti wa huku visiwani kwetu Muleba. Sitaji kisiwa, sitaji kanisa. Alikwenda Bukoba mjini kufuata mzigo wa dukani kwa shangazi yake, akarudi amechorwa tatuu begani: ua dogo na jina la marehemu mama yake. Siku ya sita baada ya kuchorwa alikuwa kwenye orodha ya ubatizo wa maji mengi, pale pale ziwani tunapobatiziana siku zote. Na kanzu za ubatizo nilishona mimi. Nilimpima mwenyewe. Nilipopitisha futi begani akaruka kama ameguswa na pasi, nikaona chini ya blauzi kuna nailoni imebandikwa kwa selotepu. Nikajua ni nini. Nikaandika vipimo, nikamwambia kanzu itakuwa tayari Ijumaa.

Sikumwuliza kitu. Nilijiambia kwamba dhambi zake ni za yeye na Mungu wake, mimi ni fundi tu. Haikunipitia kabisa kichwani kwamba ile haikuwa habari ya dhambi, ilikuwa habari ya kidonda.

Jumamosi akazamishwa. Jumanne bega lilikuwa jekundu, linawaka moto, na mtoki umesimama kwapani. Nyumbani wakampaka unga wa kahawa, maana sisi watu wa Kagera tunaamini kahawa inatibu kila kitu. Ijumaa akavushwa kwa boti kwenda hospitali ya nchi kavu akiwa anatetemeka kwa homa. Alilazwa siku tisa, dawa zinapita kwenye mshipa. Amepona, Mungu asifiwe. Jina la mama yake limebaki kovu ambalo huwezi kulisoma vizuri.

Kilichonikasirisha kikaja baada ya hapo. Kwenye kikao cha akina mama, mama mmoja ninayemheshimu sana akasema, "Mungu amemfuta ile alama." Wengine wakaitikia amina.

Mama zangu, naomba mnivumilie. Mvuvi akichomwa na mwiba wa sangara, akaingia ziwani na kidonda kibichi, mkono ukavimba mpaka ukaoza, huwa mnasema amehukumiwa? Mnasema maji yamemwingia, apelekwe zahanati. Mtoto akikatwa na kipande cha chupa pale mwaloni mnamkemea asikanyage maji. Kwa nini huyu mwenye tatuu kidonda chake kiwe hukumu na cha mvuvi kiwe ajali? Wadudu walioko ziwani hawajasoma Mambo ya Walawi.

Na kwa kuwa mmekitaja, nami nakijua kile kifungu, sura ya 19 aya ya 28, kinachokataza watu kujichanja kwa ajili ya wafu na kujitia alama mwilini. Mimi mwenyewe sijachora na sina mpango. Ndugu zetu Waislamu nao wanafundishwa kwamba tatuu ni haramu. Sibishani na mafundisho. Lakini tuwe wakweli, kifungu hicho kinataja kuchanja kwanza, na humu visiwani ni wangapi kati yetu tuna chale kifuani na mgongoni tulizochanjwa tukiwa watoto, wembe ukapita na dawa nyeusi ikasuguliwa humo humo? Sijaona aliyesimamishwa ushirika kwa chale. Tatuu ya binti inaonekana, chale zetu zimefunikwa na blauzi, basi tumekuwa watakatifu.

Sasa niwageukie wachoraji, maana nao hawaponi. Binti ananiambia alimwuliza mchoraji, "Naweza kuoga ziwani lini?" Akajibiwa siku tatu. Akauliza tena kama ana shughuli ya kuingia majini kabisa, akaambiwa apake mafuta ya mgando mengi, afunge nailoni, maji hayatapita. Alilipa pesa yake nzuri kwa majibu hayo. Kama mteja wangu akiniuliza kitambaa hiki kinachuja rangi nami najua kinachuja, nikasema hakichuji ili tu aondoke amefurahi, mimi ni mwizi. Huyo naye ni mwizi, tena ameiba kitu kisichorudishwa.

Niwaelezeni kwa lugha ya kazi yangu. Mashine ya tatuu ni ndugu wa cherehani. Sindano inapanda na kushuka mamia ya mara, hata maelfu, kwa dakika moja, inapita ngozi ya juu na kuacha wino kwenye ngozi ya pili. (Aliyepewa hataza ya mashine ya kwanza ya umeme ni Samuel O'Reilly wa New York, mwaka 1891, na aliitoa kwenye kalamu ya umeme ya Edison. Hata hiyo haikuanza kama mashine ya ngozi.) Sindano ya cherehani imewahi kunipita kidole mara moja tu, tundu moja, na nilikaa wiki nzima siwezi kufua. Sasa wewe una matundu elfu nyingi mahali pamoja. Ukiona ua, mwili wako unaona jeraha la kuchubuka.

Kwa hiyo ni lini? Ngozi ya juu huchukua wiki mbili mpaka nne kufunga. Ua dogo lenye mistari tu huwahi, picha kubwa iliyojazwa rangi huchelewa, na kule ndani ngozi huendelea kujijenga kwa miezi. Wanaoandika ushauri huu nchi za mbali husema subiri wiki mbili, wengine tatu, wengine nne. Mimi kwa maji yetu nasema nne, na hata hapo usihesabu siku tu, angalia ngozi. Magamba yawe yameanguka yenyewe bila kubanduliwa. Pasiwe na mahali panapong'aa kama ngozi ya kitunguu, pasiwe na unyevu, ukigusa pasiume. Kama bado, bado, hata kama siku arobaini zimetimia.

Na habari ya mafuta na nailoni ifutwe kabisa. Mafuta hayazibi matundu, na nailoni ikishapitisha maji upande mmoja inayahifadhi humo, yenye joto, juu ya kidonda. Umejitengenezea kijibwawa chako binafsi.

Wapo wanaosema hatari iko baharini kwenye chumvi, ziwa letu ni maji baridi, halina neno. Ni kweli kisa kilichovuma sana kilikuwa cha baharini. Madaktari wa Marekani walikiandika mwaka 2017: mwanamume wa miaka 31 aliogelea kwenye Ghuba ya Mexico siku tano baada ya kuchorwa mguuni, bakteria wakaingia kwenye tatuu, na baada ya kama miezi miwili akafariki. Alikuwa na ugonjwa wa ini tayari, na hilo ndilo lililommaliza nguvu ya kupambana. Bakteria wale wanapenda maji ya chumvi yenye joto. Lakini maji baridi nayo yana wake. Kuna wanaoitwa Aeromonas, hao makazi yao ni maziwa na mito, na kazi wanayoijua ni kuingia kwenye vidonda. Juu ya hapo tuongeze ya kwetu wenyewe. Mahali tunapooshea dagaa, tunapofulia, tunapokoga na watoto wanapojisaidia ni ufuo huo huo mmoja, na kipindupindu kimetufundisha maji haya yanabeba nini. Halafu ndipo tunaleta bega lenye matundu mabichi.

Kichocho nakitaja kwa haraka kwa sababu watu wanachanganya. Kichocho hakihitaji kidonda. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wa kando ya ziwa na kupenya ngozi nzima, isiyo na hata mkwaruzo, ndani ya dakika chache. Kwa hiyo tatuu ikipona usiseme sasa ziwa ni salama. Limerudi kuwa la hatari ya kawaida, ile tuliyoizoea. Dawa za kichocho zikigawiwa meza, na kama hujazipata muda mrefu uliza zahanati.

Najua mtaniambia, "Wewe fundi unaongea kama mtu wa mjini mwenye bomba. Sisi tusioge mwezi mzima?" Hapa ndipo ushauri wa kwenye mitandao unapotuacha, kwa sababu umeandikwa kwa mtu ambaye ziwa kwake ni matembezi ya Jumapili. Kwetu ziwa ni bafu, ni sinki, ni ofisi. Anayeanika dagaa hawezi kumwambia tajiri wake kwamba anauguza ua. Basi tufanye hivi. Chemsha sufuria moja ya maji, yachemke kweli, yafunike, yapoe. Hayo ni ya tatuu peke yake, si ya mwili mzima, kuni hazitaisha. Nawa mikono kwa sabuni, mwagia kwa kikombe, osha taratibu kwa sabuni isiyo na manukato makali, kausha kwa kitambaa safi ulichokipiga pasi. Mwili uliobaki jipanguse kwa kitambaa na maji ya ndoo, bila kumwagia yapite kwenye kidonda. Kuingia ziwani mpaka magotini kufua si shida kama tatuu iko begani, ila ikiwa iko kwenye kifundo cha mguu, dada yangu, ulichagua mahali pabaya kuliko pote kwa mwanamke wa kisiwani. Tafuta wa kukufulia.

Usipake kahawa. Usipake majivu wala dawa ya meno. Ukiona wekundu unatanuka badala ya kupungua, usaha, mistari myekundu inayopanda, mtoki, au homa, usisubiri boti ya gulio. Kodi boti siku hiyo hiyo. Mwenye kisukari, mwenye ugonjwa wa ini na anayetumia ARV awahi zaidi ya wengine, na amweleze mganga wa zahanati ukweli wote, kwamba nilichora siku fulani na niliingia ziwani siku fulani. Ukimficha atatibu anachokiona tu. Ukiwa hapo muulize pia habari ya chanjo ya pepopunda, na kama sindano ya mchoraji haikufunguliwa mpya mbele ya macho yako, omba kipimo cha homa ya ini na cha Ukimwi.

Nimetaja Ukimwi makusudi. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa mkoani kwetu Kagera, mwaka 1983. Wazazi wetu wanakumbuka ulivyoitwa Juliana, jina la nguo zilizokuwa zinaletwa na biashara ya kuvuka mpaka wa Uganda. Nami ninayeishi kwa nguo jina hilo hunishtua hata leo. Watu walikufa huku majirani wakisema wamelogwa, au wamevuna walichopanda. Nyumba ngapi kuanzia Kanyigo mpaka Kamachumu zilibaki na bibi na wajukuu tu? Tulijifunza kwa gharama ile kwamba mtu akiaibishwa anajificha, na akijificha anakufa na wengine anawaambukiza. Halafu leo tunarudia maneno yale yale juu ya bega la binti wa miaka kumi na tisa.

Kwa sababu mwisho wa yote nilimwuliza, nilipokwenda kumwona. Kwa nini hukusema una kidonda, ubatizo usogezwe? Akaniangalia akasema, "Dada, ningesema wangeniondoa kwenye orodha." Alichagua kuingia majini na kidonda kuliko kuulizwa mbele ya kanisa. Hilo si la mchoraji. Hilo ni letu.

Wachungaji na wazee wa kanisa mnaosoma hapa, najua mpo, wake zenu wananiambia. Ubatizo haupungui nguvu ukisogezwa mwezi mmoja. Kabla ya kuwapeleka watu majini waulizeni wote, kila mmoja peke yake na si kwa mstari mbele za watu, kama wana kidonda chochote: tatuu, chale, mshono wa uzazi, jeraha la kazi. Mwanamke aliyejifungua kwa upasuaji hatari yake ni ile ile na hakuna anayemwuliza. Mwenye kidonda mpeni tarehe nyingine bila hotuba. Mahubiri ya Walawi yanaweza kusubiri mpaka bega lipone, na hapo mhubirini mpaka mchoke.

Nina kanzu nyingine kumi na moja za kushona kabla ya mwezi kuisha. Wa kwanza anakuja kupimwa Jumatatu asubuhi, na nimeshamwambia dada anayenisaidia dukani kwamba wakija, yeye atoke nje na mlango urudishwe.