Vijana wa Ugalla, Msiseme Hamna Uzoefu

Masika yakikatika na maji ya Mto Katuma yakianza kupungua, kambi za watalii katika Hifadhi ya Taifa ya Katavi hufunguliwa. Mahema husimamishwa, magari hutolewa gereji, na vijana wa Mpanda, Nsimbo na Sitalike huanza kuzunguka na bahasha za kaki wakiomba kazi ya kuongoza watalii. Wengi huulizwa swali moja tu: "Una uzoefu?" Hujibu kwamba hawana, hushukuru, hurudi nyumbani. Mvua za Novemba huwakuta pale pale zilipowaacha.

Jibu hilo ndilo ninalolipinga leo. Kijana aliyekulia Ugalla akisema hana uzoefu wa pori hasemi kweli, hata kama hakusudii kudanganya. Uzoefu anao. Alichokosa ni ushahidi wa uzoefu huo: hajauandika, hajaupa majina ambayo mgeni anayafahamu, wala hajauthibitisha kwa karatasi ambayo mwajiri anaweza kuishika mkononi. Haya ni mapungufu yanayotibika, tena kwa gharama ndogo kuliko watu wanavyodhani.

Tukumbuke kwanza Ugalla ni nchi ya namna gani. Kwa miaka mingi lilikuwa pori la akiba, na wenyeji waliruhusiwa kwa kibali kuingia wakati wa kiangazi kuvua samaki mtoni na kurina asali. Wagalla na Wakonongo walikaa huko wiki kwa wiki, wakalala kwenye dago za wavuvi, wakajua kiboko hupita wapi usiku na mamba hulala ukingo gani. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ikawa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Sheria ya hifadhi za taifa hairuhusu uvuvi wala urinaji wa asali ndani yake, kwa hiyo mlango ule ulifungwa. Sisemi hifadhi haina faida. Mto ule humwaga maji yake Malagarasi, na ardhioevu ya Malagarasi na Muyovozi ndiyo ya kwanza nchini kuingizwa katika Mkataba wa Ramsar, mwaka 2000. Kuilinda ni wajibu. Lakini wazee wetu walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu mwenyeji aliyetoka na mizinga yake ili mgeni aingie, atapona kwa kitu gani kama hata kazi ya kumwonyesha mgeni njia anapewa mtu aliyeletwa kwa ndege kutoka Arusha?

Sina neno baya kwa waongozaji wa Arusha. Wengi ni mahodari, wamesoma, na wamewafundisha vijana wengi kazi. Ila mtu aliyejifunza kazi yake Serengeti hufika huku akakuta pori jingine kabisa. Huku ni miombo: mitundu na mininga mpaka upeo wa macho, mnyama anajificha, upepo unageuka, mbung'o wanauma. Anayetaka kumwona palahala au korongo katika miti hiyo anahitaji macho yaliyozoea kivuli chake. Anayemtafuta nzohe kwenye mafunjo anahitaji subira ya mvuvi. Kijana aliyefuatana na babu yake kurina asali amejifunza kumfuata ndege anayewaita watu kwenye mzinga, amejifunza kusoma kwato kwenye vumbi na kutofautisha nyayo za asubuhi na za jana. Huo ni utaalamu, na kuna wageni wanaosafiri kutoka upande wa pili wa dunia kuja kuushuhudia.

Kama kuna anayedhani natia chumvi, na atazame Gombe, hapo jirani katika mkoa wa Kigoma. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika huko mwaka 1960 alitembezwa milimani na watu wa vijiji vya pale, mmoja wao Rashidi Kikwale. Baadaye akaja Hilali Matama. Hawa hawakuja na shahada. Walikuja na miguu, macho na utulivu. Januari 1974 Hilali Matama ndiye aliyeshuhudia sokwe wa kundi la Kasakela wakimvamia na kumpiga Godi, sokwe wa kundi la Kahama, tukio la kwanza la aina hiyo kuandikwa na watafiti, lililobadili mawazo ya wataalamu wa dunia nzima kuhusu sokwe. Mwaka uliofuata watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka Zaire wakawateka vijana wanne wa kigeni waliokuwa wakifanya utafiti, na wanafunzi wa nje wakaondolewa. Je, kazi ilikufa? Haikufa. Wenyeji waliiendeleza, wakajaza madaftari siku baada ya siku, na rekodi za Gombe hazikukatika. Mahale nako, tangu mtafiti Toshisada Nishida alipoanza kazi mwaka 1965, Watongwe ndio waliowasoma sokwe mmoja mmoja kwa sura na kwa sauti.

Na hapa kwetu pia utafiti wa sokwe upo. Magharibi mwa Ugalla, katika bonde la Issa, sokwe wanaishi kwenye nchi kavu yenye miti iliyotawanyika, mazingira ambayo wataalamu wanayafananisha na yale ya mababu wa kale wa binadamu. Mwaka 2007 ulitangazwa ushahidi kwamba sokwe wa Ugalla huchimba mizizi ya kula kwa kutumia vijiti. Mwaka 2022 watafiti wakaeleza jambo lililowashangaza wenyewe: walitarajia sokwe wa Issa wasimame kwa miguu miwili zaidi wakiwa chini palipo wazi, wakakuta wanasimama zaidi wakiwa juu ya miti. Habari hizi zimesomwa London na Chicago. Kijana wa Mpanda akizijua na kuzieleza vizuri, mgeni wake atasahau hata mbung'o.

Sasa, wanangu, ushahidi unapatikanaje? Nunueni daftari. Kila mnapokwenda shambani, mtoni, msituni, au mnaposimama kwenye daraja la Sitalike kuwatazama viboko, andikeni tarehe, mahali, saa, mmeona nini na kilikuwa kinafanya nini. Mbele ya kila mnyama, ndege na mti wekeni jina la kwenu, jina la Kiswahili na jina la Kiingereza, na mkiweza, jina la kisayansi. Kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki cha Terry Stevenson na John Fanshawe kinaweza kununuliwa na vijana watano kwa kuchanga. Fanyeni hivyo kuanzia mavuno ya mwaka huu hadi Machi ijayo, halafu ingieni ofisini kwa mwajiri mkiwa na daftari lile. Anayeuliza uzoefu awekewe mezani.

Wazee nao waulizwe wangali hai. Habari za Katabi, mzimu ambao hifadhi imechukua jina lake, na za mkwaju uliopo karibu na Ziwa Katavi ambako watu huacha sadaka wakiomba baraka, zisimuliwe na mtu aliyezisikia kwa wenye nazo, kwa heshima, bila kuongeza chumvi ili kumfurahisha mgeni. Ulizeni pia habari za reli ya Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi, na kwa nini leo inabeba abiria na mazao. Mgeni hukaa kambini siku tatu au nne, na jioni motoni huuliza habari za watu zaidi ya habari za simba.

Lugha ni kikwazo cha kweli, sitaki kuwadanganya. Kiingereza cha kumwambia mgeni "simama, usikimbie, rudi nyuma polepole" lazima kitoke bila kufikiri, maana nyati hasubiri mtu atafute neno. Jifunzeni kwa kusema. Kaeni wawili wawili mzungumze Kiingereza saa nzima kila jioni, mkisahihishana. Anayeongeza Kifaransa au Kijerumani kidogo atakuwa na nafasi pana zaidi.

Halafu tuseme juu ya mlango wa kuingilia. Msimu wa kwanza, kijana asiyejulikana hapewi gari la wageni wala hapaswi kupewa. Aombe kazi yoyote ya kambini: kuchota maji ya kuogea, kusaidia jikoni, kufua, ulinzi wa usiku, utingo wa gari la mizigo. Nafasi hizi hujazwa mapema, na mara nyingi maamuzi hufanyika ofisi za Arusha au Dar es Salaam, siyo kambini. Kwa hiyo barua ya Juni imechelewa. Barua iandikwe Machi, kambi zikiwa zimefungwa na wenyewe wakipanga watu wao, na isiseme "naomba kazi yoyote" peke yake. Iseme: nimezaliwa kata ya Ugalla, nimerina asali na baba yangu, najua ndege kadhaa kwa sauti, daftari langu ni hili. Ukishaajiriwa, kazi yako ifanye kwa ukamilifu, na saa zako za mapumziko omba kukaa kiti cha nyuma gari linapotoka na nafasi ipo. Mwongozaji mkongwe akiona jicho lako linawahi kuona kuliko lake, atakutafuta mwenyewe.

Jambo moja nalisema kwa uchungu. Usiseme uongo kuhusu uzoefu. Kijana anayedai kwamba amewahi kuongoza safari za miguu ilhali hajawahi, anaweza kuwapeleka watu sita upande ambao upepo unawapelekea nyati harufu yao. Katavi ina makundi makubwa ya nyati na mito iliyojaa viboko wakati wa kiangazi, na safari za miguu hifadhini hufanywa pamoja na askari mwenye silaha kwa sababu nzuri. Mgeni akiuliza usilolijua, mjibu kwamba hujui na utauliza. Heshima yako haitapungua. Uhai wa mtu ukipotea haurudi.

Karatasi nazo zina umuhimu wake. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka mwongoza watalii awe na leseni, na agizo la serikali la Julai 2025 limeiweka kazi hii miongoni mwa zile ambazo asiye raia haruhusiwi kuzifanya. Nafasi ni ya Mtanzania. Kilichobaki ni Mtanzania kujiandaa. Huna sababu ya kufikiri kwamba mafunzo yapo Chuo cha Mweka tu, mbali kule Moshi. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kina Kampasi ya Mizengo Pinda huku huku Katavi, Mpimbwe, na kozi ya uongozaji watalii imo katika fani zake. Ulizeni sifa za kujiunga na ada, msisubiri kuambiwa. Asiyemudu chuo mwaka huu aanze na cheti cha huduma ya kwanza cha Msalaba Mwekundu, na anayejua gari ashughulikie leseni ya kubeba abiria.

Mjihadhari na watu wa kati. Yeyote anayetaka hela ili "akuunganishe" na kambi ni mwizi, hata akiwa ndugu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe maelezo ya kazi yako kwa maandishi. Yaombe kwa adabu, usione haya. Kujitolea mwezi mmoja ili ujifunze kunaeleweka, lakini kujitolea msimu mzima bila chakula, posho wala bima ni kutumiwa bure. Na bakshishi za wageni ziwekwe akiba, kwani kuna miezi mingi ya mvua isiyo na mshahara. Mwenye mizinga ya nyuki kijijini, nje ya hifadhi, ana cha kumshika mkono miezi hiyo.

Wazazi, msiwazuie binti zenu. Msichana aliyekuwa akiokota kuni na uyoga msituni na mama yake anaijua miti kuliko kaka zake wengi.

Kwa wenye kambi na hifadhi nasema hivi: msijaze nafasi zote kutoka mbali halafu mkashangaa kijiji hakijali moto unapowaka hifadhini au mitego inapotegwa. Wekeni kila msimu nafasi chache za wanafunzi kutoka vijiji vya mpakani, kwa mkataba na kwa mshahara, mkianza na familia zilizokuwa zikivua na kurina Ugalla kabla ya 2019. Nanyi madiwani wa Nsimbo na Mlele, fedha za mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri zina fungu la vijana la asilimia 4. Mbona vikundi vya bodaboda vinajulikana na kikundi cha waongoza watalii hakisikiki? Kikundi cha vijana kumi wenye darubini mbili, vitabu na mafunzo ya huduma ya kwanza kinaweza kuwatembeza wageni nje ya lango la Sitalike bila kusubiri ajira ya mtu.

Kijana wa Ugalla unayesoma haya, daftari linapatikana kwa bei ya soda. Anza kuandika wiki hii, kamuulize babu yako majina ambayo huyajui, na barua yako iwe imefika ofisini kabla ya Machi kwisha.