Julai ya Laare Si Kipupwe cha Pwani

Katika insha nyingi za wanafunzi wa nyanda za juu za Meru, mwezi wa Julai huingia ukiwa umevaa kanzu na kofia ya vito. Mwanafunzi wa Laare, ambaye asubuhi hiyo hakuweza kuuona mlingoti wa bendera kwa sababu ya ukungu, huketi akaandika kwamba kipupwe kimewadia, upepo mwanana unavuma kutoka baharini na makuti ya minazi yanapepea. Igembe hakuna minazi. Bahari iko zaidi ya kilomita 400 kutoka anapoketi. Mwalimu naye husoma, akatabasamu, akamtunukia alama za msamiati.

Sina ugomvi na neno kipupwe. Ni neno zuri, na wenyewe walioliunda walijua walilolitaja. Watu wa mwambao waliishi kwa kuzisoma pepo. Kaskazi ilipovuma, tangu Desemba hadi Machi, majahazi yaliteremka kutoka Arabuni na Ghuba. Kusi iliposhika zamu yake, yalirejea. Katikati ya kusi, Juni hadi Agosti, baada ya masika kutulia, ndipo kipupwe hukaa. Joto la mchana mjini Mombasa, ambalo mwezi wa Februari au Machi hufika nyuzi 32 au zaidi, hushuka likawa 27 au 28, na usiku watu hulala bila ya kujipepea. Hiyo ndiyo baridi ya Pwani: ni nafuu, ni pumziko baada ya joto. Mzee wa Mji wa Kale hujitanda shuka alfajiri akaiita baridi, wala hakosei, maana baridi hupimwa na mazoea ya mwenye kuihisi.

Lakini upepo ule ule, siku ile ile, huendelea na safari yake kuingia bara. Hapa ndipo pana somo ambalo vitabu vyetu hulipita mbio.

Kusi huvuma kutoka kusini mashariki ikiwa imebeba unyevu wa Bahari ya Hindi. Hupita juu ya tambarare za Mto Tana, nchi pana iliyo chini, isiyo na kitu cha kuuinua upepo. Kisha hukutana na safu ya Nyambene, ambayo kilele chake kirefu hufika karibu mita 2,500, na nyuma yake Mlima Kenya wenyewe, mita 5,199. Hewa hiyo haina njia ila kupanda. Hewa inayopanda hutanuka, na inayotanuka hupoa: kiasi cha nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 ikiwa bado kavu. Hatimaye hufika mahali isipoweza tena kuushikilia unyevu wake, na unyevu huo ukawa wingu. Katika miezi hii wingu hilo halikui likawa la mvua kubwa yenye radi, kwa kuwa juu yake kuna tabaka la hewa kavu iliyo vuguvugu zaidi, inayolizuia mfano wa kifuniko cha sufuria. Basi hutandaa tu. Hulala juu ya vilima siku nzima, likadondosha manyunyu yasiyolowesha shamba ila hulowesha nguo zilizoanikwa, na likauzuia mwanga wa jua usiifikie ardhi. Kwa mtu aliye ndani yake, wingu hilo ndilo analoliita ukungu.

Hiyo ndiyo Julai ya Nyambene. Mwinuko peke yake ungetosha kuleta tofauti, kwani kwa wastani joto hupungua nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mahali penye mita 1,500 hapana budi pawe na baridi kuliko Mombasa kwa nyuzi 9 au 10. Wingu nalo huongeza lake kwa kuufanya mchana usipate moto. Ndiyo maana mtu wa Maua au Laare hulalamikia mchana wa Julai kuliko usiku wake. Usiku, wingu lile lile huwa blanketi: huizuia ardhi isipoteze joto lake upesi. Mwanafunzi anayeweka kumbukumbu ataona kwamba katika mwezi huo joto la juu na joto la chini la siku moja hukaribiana kuliko mwezi wa Februari.

Sasa teremka naye hadi Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Kutoka Maua hadi lango la Murera si safari ya siku nzima. Ni ya muda mfupi kwa gari, na mtu aliyetoka nyumbani akiwa amevaa sweta mbili huanza kuivua moja kabla hajafika. Mbuga hiyo huanzia miguuni mwa vilima na kuteremka hadi chini ya mita 400 upande wa Mto Tana. Huko upepo ni ule ule, mwezi ni ule ule, lakini hakuna kilichouinua. Mbingu ni nyeupe, nyasi zimekauka zikawa rangi ya simba, vumbi hufuata kila gari. Ukigeuka kutazama ulikotoka, utaiona Nyambene imefunikwa na wingu la kijivu. Na mito inayokata mbuga hiyo, Bwatherongi, Rojewero, Ura na mingineyo, chanzo chake ni huko huko kwenye vilima. Nyati wa chini hunywa maji yaliyotoka katika mawingu ya juu. Sijaona kitabu cha darasa la nane wala cha kidato cha kwanza kinachoitumia picha hiyo, ilhali kila mtoto wa Igembe anaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Kuna ngazi ya tatu, nayo ndiyo inayowachanganya hata walimu. Juu ya msitu wa Mlima Kenya, baada ya mianzi na miti kukoma, tangu mita 3,200 hivi kwenda juu, huanza uwanda mpana wa nyasi za mafungu, lobelia na ile mimea mirefu yenye vichwa vya majani inayofanana na watu waliosimama kwenye ukungu. Wanafunzi wengi hudhani kwamba kwa kuwa Julai ni baridi Laare, basi huko juu Julai ndiyo kali kupita miezi yote. Hesabu haiendi hivyo. Uko karibu na ikweta, na huko juu tofauti ya mwezi na mwezi ni ndogo sana ikilinganishwa na tofauti ya mchana na usiku. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden aliyeichunguza milima mirefu ya Afrika Mashariki na kuchapisha matokeo yake mwaka 1964, aliieleza hali hiyo kwamba kila mchana ni kiangazi na kila usiku ni majira ya baridi kali. Mimea yenyewe imekubali ratiba hiyo: hufungua majani yake kwa jua la asubuhi, na jua likizama huyakunja yakalifunika chipukizi la katikati lisigande.

Zaidi ya hayo, sakitu hupenda mbingu safi. Wingu likiondoka, joto la ardhi hupaa usiku bila kizuizi, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka ikajikusanya mabondeni. Ndiyo sababu katika nyanda za juu za nchi yetu sakitu iunguzayo mazao huja zaidi Desemba, Januari na Februari, wakati wa ukavu, wala si Julai. Wakulima wa chai wa Bonde la Ufa waliliona hilo kwa uchungu Januari 2012, mashamba yalipobadilika rangi kwa usiku chache tu. Mwanafunzi aliyekariri kwamba Julai ndio mwezi wa baridi, basi, hawezi kulieleza jambo hilo, atalishangaa tu.

Huenda msomaji akauliza: haya yote yanamfaa nani nje ya chumba cha mtihani? Yanamfaa mkulima, na mkulima wa kesho ndiye mwanafunzi wa leo. Chukua mahindi. Mbegu ya Katumani ilizalishwa kwa nchi kavu yenye mvua chache, hukomaa upesi. H511 ni ya mwinuko wa kati. H614 ni ya nyanda za juu, na huhitaji miezi mingi ya unyevu na ubaridi. Mtu wa Igembe mwenye shamba juu kilimani na jingine kule chini hawezi kununua mfuko mmoja akapanda pote. Atakayeipanda H614 tambarare ataiona ikistawi, ikajitanua, kisha mvua ikaikatikia kabla ya kubeba. Nimewaona watu wakilaumu mbegu, wakalaumu muuza mbegu, wakalaumu hata jirani mwenye jicho.

Au chukua malaria. Kimelea cha malaria kali hukomaa ndani ya mbu kwa msaada wa joto. Joto likishuka karibu na nyuzi 18 huchelewa mno, na chini ya nyuzi 16 hivi hakiendelei. Mtoto aliyekulia juu kilimani hana kinga ya kutosha, naye mwezi wa Agosti, shule zikifungwa, hupelekwa kwa jamaa zake wa tambarare. Anahitaji chandarua kuliko wenyeji wake. Je, ni nani aliyemwambia?

Nayo majina ya misimu yametupotosha. Vitabu hutuambia kwamba mvua ndefu ni za Machi hadi Mei na mvua fupi ni za Oktoba hadi Desemba, na kwa jina hilo mwanafunzi huamini kwamba za pili ni za ziada tu. Mbeere, Tharaka na tambarare za Meru, mvua za Oktoba ndizo za kutegemewa zaidi. Zikikosa, nyumba hukosa. Wakaazi wa huko walilijua hilo katika ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa 2020, misimu mitano ya mvua ikafuatana bila kutimia. Isitoshe, ziko kamusi na orodha za madarasani zinazoifanya vuli kuwa ule msimu wa Ulaya wa majani kupukutika, na kipupwe kuwa ule wa theluji. Maneno mawili ya mabaharia wetu yamepewa kazi ya kutafsiri hali ya hewa ya London, na mtoto wa Laare akaachwa bila neno la ukungu unaomgonga usoni. Kimeru kina maneno yake. Wazee wanayo, mwalimu akiwatuma wanafunzi kwa bibi na babu zao, daftari litajaa kwa juma moja.

Niseme pia juu ya sweta. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, niliona wanafunzi wamepangwa mstari wakivuliwa makoti kwa kuwa si sehemu ya sare. Ilikuwa muhula wa pili, ule unaobeba Juni na Julai, na vioo vya madirisha ya darasa lao vilikuwa vimevunjika. Sare ilikuwa sawasawa na ile ya shule za tambarare: shati jepesi na sweta moja nyembamba. Aliyeiandika kanuni hiyo yamkini aliiandika Februari. Watoto wanaokohoa hawasikii somo. Sioni ni heshima gani inayopotea shule ya kilimani ikiruhusu koti zito la rangi moja kwa miezi mitatu.

Najua jibu la walimu wenzangu: mtihani ni wa taifa nzima, na mtahini haijui Laare. Ni kweli. Lakini mtahini anauliza kuhusu mvua ya milima, upande wa kivuli cha mvua, kupungua kwa joto na mwinuko, tofauti ya joto la mchana na usiku. Hayo yote yako nje ya dirisha la darasa la Igembe, bure, na mwanafunzi aliyeyaona hatayasahau kama ayasahauvyo ya Alpi. Kaunti ya Meru peke yake huanzia karibu mita 300 hadi kwenye vilele vya Mlima Kenya. Utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, hata ukitolewa kwa kaunti, hauwezi kusema neno moja likawatosha wote. Wa kuujaliza ni mtu aliyeko mahali penyewe na rekodi yake mkononi.

Na rekodi haihitaji mamilioni. Kipimajoto kimoja kivulini, ndani ya kasha jeupe lenye matundu ya hewa, kimo cha kifua cha mtoto. Mkebe ulionyooka pande zote na rula, kwa ajili ya mvua. Kitambaa juu ya ufito kwa ajili ya upepo. Wanafunzi wawili wa zamu, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, Jumamosi na Jumapili zikiwamo. Shule moja ya Laare, moja karibu na lango la Murera, na moja ya upande wa msitu wa Mlima Kenya, zikibadilishana karatasi kila mwisho wa mwezi kwa dereva wa matatu au kwa simu ya mwalimu. Zianze Juni, kabla ukungu haujashuka, na zisiache hadi Februari ipite, ili sakitu nayo iingie daftarini.