Mbao ya buluu si mbao mbovu

Wenzangu wengi wakiona mbao yenye madoa ya buluu wanasema imeoza, achana nayo. Mimi napinga. Kule British Columbia, Kanada, kuanzia miaka ya 1990, mbawakawa wa misonobari walishambulia misitu ya takriban hekta milioni 18. Mdudu mwenyewe ni mdogo kama punje ya mchele. Anatoboa gome akiwa amebeba kuvu, na kuvu hiyo ndiyo inayopaka buluu. Inakula chakula kilichomo ndani ya mti, nyuzi inaziacha, kwa hiyo nguvu ya mbao haipungui sana. Ukumbi wa Richmond, uliotumika kwa mbio za kuteleza barafuni kwenye Olimpiki ya 2010, paa lake lina mbao za miti hiyo hiyo. Sasa nani aniambie hazifai hata kwa meza?

Kinachoziharibu ni kuchelewa: mti uliokufa ukiachwa umesimama hukauka, ukapasuka. Lakini jamani, haraka nayo ina mtego. Kule waliongeza kiwango cha ukataji ili kuiwahi miti iliyokufa. Baadaye magogo yakaadimika, viwanda vya mbao vikafungwa, watu wakakosa kazi. Iliyokufa ikatwe, sawa, ila kiwango cha iliyo hai kiandikwe kabla msumeno haujawashwa.