Aliye Nyuma Ndiye Mwenye Mwendo

Jumamosi moja ya Septemba tulikwenda Yorkshire watu kumi na wawili, wanaume tisa na wanawake watatu, kupanda vilima vitatu kwa siku moja: Pen-y-ghent (mita 694), Whernside (mita 736) na Ingleborough (mita 723). Njia huanzia na kuishia kijiji cha Horton-in-Ribblesdale. Ni maili 24, karibu kilomita 39, na desturi ni kuimaliza ndani ya saa 12. Tuliondoka pamoja asubuhi. Tulirudi mafungu mafungu, na wa mwisho alifika usiku akitetemeka. Tangu siku hiyo katika shughuli zetu nasikia sifa za waliotumia saa tisa tu. Habari za huyo wa mwisho hazitajwi.

Mpaka Ribblehead tulikuwa kundi moja. Pale lipo daraja la reli la matao 24, lililojengwa miaka ya 1870, na mimi kama mhandisi sikuweza kunyamaza. Niliwaonyesha vijana kwamba kila nguzo ya sita ni nene kuliko nyingine. Waliolijenga walijua nguzo yaweza kuanguka, wakapanga mapema ikianguka moja zisifuatane zote. Tukapiga picha, tukala chapati zetu, tukaendelea. Hakuna aliyejiuliza: je, sisi kumi na wawili, akianguka mmoja tumepanga nini?

Baada ya Whernside wapenda mbio walitazama saa zao wakaanza kukimbia. "Tutawasubiri juu!" Hawakusubiri. Shemeji yangu, mwenye miaka 58 na goti bovu, aliniambia, "Nenda bwana, mimi nakuja." Nikaenda. Naandika hili nikijua kwamba nami nimo katika ninaowalaumu.

Kilele cha Ingleborough ni uwanja mpana, tambarare, na ukungu ukishuka pande zote hufanana. Shemeji alizunguka humo peke yake, shati limelowa jasho, upepo unampiga. Wazee wawili wa Kiingereza, mume na mke, walimkuta, wakampa koti na chai ya chupa, wakamshusha taratibu hadi Horton. Wageni wasiomjua walimsubiri. Sisi tuliokula naye harusi na matanga hatukumsubiri.

Nimesikia majibu mawili. La kwanza: "Asiyeweza abaki nyumbani." Haya, tufanye hesabu. Mwaka 1892 Naismith, mpanda milima wa Scotland, alitoa kanuni inayotumika hadi leo: saa moja kwa kila maili 3, na saa moja zaidi kwa kila futi 2,000 za kupanda. Maili 24 ni muda wa saa nane. Kupanda kwa njia ile ni zaidi ya futi 5,000, yaani saa mbili na nusu na ushei. Jumla ni saa kumi na nusu na zaidi, bila kupumzika, bila kula, bila kuswali. Na hiyo ni kwa mtu mwenye miguu mizima! Tulipomwalika mtu mwenye goti bovu na kumwambia saa 12 zinatosha, kosa halikuwa la goti lake. Hesabu yetu ndiyo ilikuwa mbovu.

La pili: "Si alikuwa na simu?" Simu ilikuwa imekwisha chaji. Hata ingekuwa nzima, simu haimvishi mtu koti.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Kila mgeni anayepanda Kilimanjaro hufundishwa na viongozi wake neno letu: pole pole. Wajapani wanalijua, Wamarekani wanalijua. Sisi wenyewe tumefika Uingereza tukalisahau, kwa ajili ya saa ya mkononi. Kawia ufike, walisema wazee, na walikuwa na maana.

Sipingi mbio. Anayetaka kukimbia achague Jumamosi yake na wenziwe wa mwendo mmoja. Lakini tukitoka kama jumuiya, aliye nyuma ndiye aweke mwendo, na mwenye nguvu kuliko wote atembee nyuma yake. Kugawana kundi kuamuliwe kabla ya kuondoka, na asiachwe mtu peke yake. Kila mmoja abebe koti, tochi na filimbi, na ajue ishara ya msaada: mipulizo sita kwa dakika moja, kimya dakika moja, kisha tena. Ramani na dira viwe mkononi mwa anayejua kuvitumia.

Mwezi Mei inapangwa safari nyingine. Shemeji amesema haji. Hadi leo hakuna kati yetu kumi na mmoja aliyemwomba radhi, tumemtania tu. Basi naanza mimi, mbele yenu nyote: shemeji, nilikuacha, nisamehe. Ukikubali kuja, nitatembea nyuma yako, hata tukifika Horton usiku wa manane.