Soko likiungua, mgeni ataandikwa kwenye orodha ya nani?

MFANYABIASHARA wa mpakani anajua bei ya robota la mitumba Gikomba, kodi ya fremu Kariakoo na nauli ya mzigo kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura. Muulize soko analonunulia likiwaka moto usiku wa leo nani atafungua geti, gari la zimamoto litapita njia ipi, na mali yake iliyo stoo itaandikwa na nani. Wengi hawana jibu. Kibaya zaidi, halmashauri inayokusanya ushuru katika soko hilo nayo mara nyingi haina jibu la swali la mwisho.

Moto wa masoko si jambo geni katika ukanda wetu. Soko la Owino, Kampala, liliungua mwaka 2009 na likaungua tena 2011. Soko kuu la Bujumbura liliteketea Januari 27, 2013, mpaka Rwanda ikatuma helikopta kusaidia kuzima. Gikomba, Nairobi, limeungua mara nyingi, na moto wa Juni 28, 2018 uliua watu 15. Usiku wa Julai 10, 2021 ikawa zamu ya soko kuu la Kariakoo. Novemba 16, 2024, hapo hapo Kariakoo, jengo la ghorofa liliporomoka likiwa na watu ndani na zaidi ya 20 wakapoteza maisha.

Kila yanapotokea haya, mambo hufuatana kwa utaratibu ule ule. Viongozi hufika, kamati ya uchunguzi huundwa, wenye vizimba huandikwa majina, na ahadi ya kujenga upya hutolewa. Katika orodha hiyo huingia mwenye leseni, mwenye mkataba wa kizimba na, siku hizi, machinga mwenye kitambulisho. Mwanamke wa Goma aliyekuwa amelipia marobota manne na kuyaacha stoo akisubiri lori hayumo. Wala hayumo kijana wa Kigoma aliyetuma fedha kwa simu na mzigo wake ukawa bado kwa muuzaji.

Sheria si kwamba hazipo. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 imeikabidhi kaunti kazi ya zimamoto na usimamizi wa maafa, na sheria ya fedha za umma ya mwaka 2012 inairuhusu kuwa na mfuko wa dharura. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022, yenye kamati kuanzia taifa hadi mkoa, wilaya, kata na kijiji. Uganda ina sera ya maafa inayotaka kila wilaya iwe na kamati yake.

Tatizo la kwanza ni kwamba anayepanga na anayezima si mtu mmoja. Nairobi, gari la zimamoto ni la kaunti. Dar es Salaam, ni la Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, huku soko kuu la Kariakoo likiwa na shirika lake na mitaa inayolizunguka ikiwa ya halmashauri ya jiji. Kampala, soko ni la mamlaka ya jiji na zimamoto ni idara ya polisi. Mipangilio hii ina sababu zake na sisemi ibadilishwe. Ila panapokuwa na wakubwa wawili au watatu juu ya soko moja, mpango wa dharura lazima uandikwe kwa pamoja na useme wazi nani anashika ufunguo wa geti, nani anakata umeme, na nani anaamuru watu watoke. Usiku wa moto si wakati wa kutafutana kwa simu.

Tatizo la pili ni kwamba mpango ukishaandikwa hubaki kwenye kabati la ofisi. Wanaolijua soko saa nane usiku ni mlinzi, mbeba mizigo, mama lishe na dereva wa lori anayelala kwenye usukani. Hao ndio watakaouona moshi kabla ya mtu mwingine yeyote. Kama hawajawahi kuambiwa namba ya kupiga, mahali pa kuchota maji na njia ya kutokea, basi halmashauri haina mpango, ina karatasi tu.

Nimewasikia maofisa wakisema kwamba fedha ni kidogo, na kwamba hawawezi kumhesabu mtu asiye na leseni kwao wala kura kwao. Hoja ya fedha naielewa. Ya pili siikubali. Mgeni huyo akishuka basi analipa chumba cha kulala, anakula kwa mama lishe, anamlipa mbeba mizigo, analipa stoo, na bei anayonunulia imeshabeba ushuru na kodi ya fremu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji aliyepona kwa mkono wa mgeni hawezi kudai hamfahamu siku ya msiba.

Kumhesabu hakuhitaji mabilioni. Uongozi wa soko unaweza kuagiza kila stoo iwe na daftari la mizigo iliyolipiwa na kusubiri kusafirishwa: jina, simu, nchi, idadi ya marobota, tarehe. Nakala ipelekwe kila jioni, hata kwa picha ya simu, kwa ofisi iliyo nje ya soko, kwani daftari linaloungua pamoja na mzigo halina msaada. Halmashauri nayo iweke katika mpango wake dawati moja la wafanyabiashara wa nje, litakalofunguliwa mara moja baada ya janga, lenye mtu wa kupokea madai na kuwasiliana na ubalozi. Kukitokea vifo dawati hilo ni muhimu zaidi, maana mtu wa nchi nyingine asiye na ndugu mjini anaweza kukaa mochwari siku nyingi bila kutambuliwa.

Na sisi tuna la kufanya. Njia ya gari la zimamoto huzibwa na meza na marobota yetu wenyewe. Nyaya za umeme huungwaungwa na fundi tuliyemlipa sisi. Halmashauri ikija kufungua njia, tukimbilie kuzungumza nayo mahali pa kuhamia, si kumtafuta diwani atuzuilie. Vilevile tujifunze kudai risiti. Anayevusha bidhaa za nchi wanachama zenye thamani isiyozidi dola 2,000 anaweza kupata cheti rahisi cha uasili pale mpakani. Wengi hukiona kama cha kupunguza ushuru tu na kukitupa wakishavuka, ilhali ni ushahidi kwamba mzigo ulikuwepo na ulikuwa wako. Kitunze pamoja na risiti, na kipige picha.

Jumuiya nayo isijitoe. Mwaka 2016 Bunge la Afrika Mashariki lilipitisha muswada wa kupunguza na kudhibiti hatari za maafa. Lori linalovuka mipaka yetu tayari lina bima moja, ile ya kadi ya njano ya COMESA, inayotambuliwa kutoka nchi hadi nchi. Gari lina ulinzi njia nzima, mzigo ukilala stoo hauna. Mawaziri wa biashara wakikaa tena, hilo ndilo swali la kuwapelekea kupitia vyama vyetu: bima ndogo ya mzigo ulio sokoni ugenini, inayolipika kwa mtaji wa muuza mitumba.

Wakati tukisubiri hayo, safari yako ijayo fanya jambo moja. Kabla ya kulipia stoo, muulize mwenye stoo daftari la mizigo liko wapi na kizima moto kiko wapi. Akishindwa kukuonyesha, peleka mzigo wako kwa jirani yake. Wakikosa wateja watatu au wanne kwa sababu hiyo, daftari litanunuliwa kabla halmashauri haijaitisha kikao.