Uungaji wa Nyaya kwa Tepu Ukomeshwe

Gari la umma linapoongezewa taa za ukungu, redio au king'ora, hati ya ununuzi hutaja kila kifaa kwa jina na kwa bei yake. Viungo vya nyaya havitajwi. Fundi hukabidhiwa taa na tepu. Husokota nyaya mbili kwa vidole, akazivingirisha, na taa zikiwaka ofisa hutia sahihi. Hapo ndipo uzembe unapogongewa mhuri.

Taa mbili za wati 55 kila moja, katika gari la volti 12, huvuta ampea zipatazo 9. Siku ya kwanza nyaya zilizosokotwa hupitisha umeme huo bila taabu. Baadaye mtikisiko wa barabara ya changarawe huzilegeza, joto la injini huyeyusha gundi ya tepu, maji huingia na shaba ikaota kutu ya kijani. Umeme unaozuiwa hapo hugeuka joto: kizuizi cha sehemu moja ya kumi ya omu hutoa wati 8 mahali padogo kama ncha ya kidole.

Wapo wanaojitetea kwamba fyuzi ipo. Huo ni utetezi wa mtu asiyejua kazi ya fyuzi. Fyuzi hukatika umeme unapozidi. Kiungo kilicholegea hakizidishi umeme, bali huupunguza. Plastiki ya waya yaweza kuyeyuka fyuzi ikiwa nzima. (Wanaoziba pengo la fyuzi iliyokatika kwa karatasi ya pakiti ya sigara hawastahili hata kujibiwa.)

Kiungo cha kutegemewa kinajulikana: kichwa cha shaba kilichobanwa kwa koleo lake maalumu, kikafunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto. Kulehemu kwa risasi kuna sifa zake, lakini waya hukakamaa pale lehemu inapoishia, na usiposhikizwa hukatika papo hapo kwa mtikisiko. Ama kile kibanio cha plastiki kinachotoboa waya, kipendwacho kwa wepesi wake, kisiruhusiwe kabisa karibu na injini: hukata baadhi ya nyuzi na kukaribisha maji.

Koleo hununuliwa mara moja likatumika miaka mingi. Ofisa wa usafirishaji anayelalamika kwamba fungu halitoshi aeleze gharama ya gari la wagonjwa lililozimika taa usiku, katikati ya pori. Na asitie sahihi kabla hajavuta kila kiungo kwa mkono wake mwenyewe.